Baraza la Saruji Lililochakaa
Baraza la nje lililochakaa, yaani sakafu ya zege iliyo mbele au uani mwa nyumba, mara nyingi hufunikwa kwa niru, ambayo ni uji mzito wa saruji na maji, bila uso wa zamani kutayarishwa kwanza, na hilo huwagharimu wenye nyumba wengi, kwa kuwa tabaka jipya halishiki juu ya vumbi, mafuta wala ukoga. Inapasa uso huo uchongwe kwa patasi na nyundo mpaka kokoto zianze kuonekana, usafishwe, kisha uloweshwe bila maji kutuama, kwani zege kavu hufyonza maji ya mchanganyiko mpya kabla saruji haijashika. Saruji haiwi ngumu kwa kukauka bali kwa kuungana kikemikali na maji, na ndiyo maana kuimwagilia kwa angalau siku 7, hasa katika jua na upepo wa Mombasa au Dar es Salaam, kuna uzito zaidi kuliko hata ufundi wa mwiko. Ufa unaotokana na udongo unaotitia hauponywi na tabaka lolote la juu. Sehemu hiyo ivunjwe, udongo ushindiliwe, na zege limwagwe upya.