Santuri Tuliyoiacha Mlangoni

Yasemwa, na nimeyasikia kwa masikio yangu katika chumba cha wahadhiri, kwamba muziki wa jazi si jambo la mtu ashughulikaye na fasihi ya Kiswahili. Aliyeyasema ni mtu wa elimu, nami namheshimu. Jazi, alisema, ni ya Wamarekani. Sisi tunazo tenzi, tunayo taarabu, tunazo ngoma, na hayo yatutosha. Siku ile nilinyamaza, na kunyamaza huko kunaniwasha hata leo. Basi na nimjibu hapa, mbele ya wasomaji.

Mwezi wa Novemba 1960, katika mji wa New York, mpiga piano Randy Weston alikusanya kundi kubwa la wanamuziki akarekodi utungo wake wa sehemu nne, aliouita Uhuru Afrika. Sehemu ya kwanza ni Uhuru Kwanza, na ya mwisho ni Kucheza Blues. Maneno yalitungwa na mshairi Langston Hughes. Lakini afunguaye santuri ile ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, naye anasema kwa Kiswahili. Msomaji na atue hapo kidogo. Tanganyika siku zile ilikuwa bado chini ya udhamini wa Waingereza. Bendera yake haikupandishwa ila tarehe 9 Desemba 1961. Neno uhuru lilikwisha kupigiwa ngoma, tarumbeta na piano ng'ambo ya bahari, kwa lugha yetu, zaidi ya mwaka mmoja kabla wenyewe hatujaupata.

Mwenzangu atasema kwamba Kiswahili kile ni pambo tu, mfano wa ushanga uliotiwa shingoni. Nasema sivyo. Pambo huchaguliwa kwa jicho, na lugha ile haikuchaguliwa kwa jicho. Weston aliwauliza Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa ni lugha ipi ya bara lao ifaayo kubeba ujumbe ule, akaambiwa Kiswahili. Mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilijitawala, na katika nyingi za hizo hakuna asemaye Kiswahili sokoni wala nyumbani. Lugha yetu iliaminiwa kuwasemea watu wasioijua. Hiyo ni amana kubwa, na sisi tuliopewa hatujui hata kwamba tulipewa. Serikali ya makaburu wa Afrika Kusini ndiyo iliyojua: mwaka 1964 iliipiga santuri ile marufuku. Sijapata kusikia serikali iliyopiga marufuku ushanga.

Najua pia kicheko cha wanasarufi juu ya jina Kucheza Blues. Watauliza blues huchezwaje, nayo ni nyimbo ya majonzi? Ajabu ni kwamba maswali haya hutoka kwa watu ambao neno lao ngoma ni chombo, ni wimbo, ni mchezo, na ni usiku wenyewe wa kukesha. Weston aliifikiria siku Afrika itakapokuwa huru na dunia nzima ikashangilia. Na mtu ashangiliaye kwetu hucheza, hata akiwa na machozi usoni.

Hoja moja ya mwenzangu ina uzito, wala sitaificha. Weston alipotunga Uhuru Afrika alikuwa hajaikanyaga Afrika. Aliitunga Afrika ya moyoni, na Afrika ya moyoni haina mbu, haina kodi, wala haina ugomvi wa mipaka. Ni kweli. Lakini tumtazame mtu mwenyewe. Alizaliwa Brooklyn tarehe 6 Aprili 1926, akarefuka hadi kufika mita mbili, na baba yake, mfuasi wa Marcus Garvey, alimlea kwa kumwambia kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Alipokuwa kijana akifanya kazi ya jikoni huko Lenox, Massachusetts, alisikiliza mihadhara ya Marshall Stearns juu ya asili ya jazi katika Afrika ya Magharibi. Wangapi kati yetu wametoka jikoni wakaingia darasani kwa hiari yao? Mwaka 1961 alifika Lagos. Mwaka 1967 alizunguka nchi nyingi za Afrika akiwaonyesha wasikilizaji, kwa piano na ngoma, njia iliyopitwa na muziki huu hata ukafika ulikofika. Kisha akakaa Morocco hadi 1972, akafungua klabu mjini Tangier, akaketi miguuni pa mafundi wa Gnawa, wazao wa watumwa waliovushwa jangwa la Sahara. Mtu mwenye ndoto tupu huamka akarudi kwao. Huyu alihama.

Wala asitajwe yeye peke yake. Aliyezipangia ala zote zile sauti zao alikuwa mwanamke, Melba Liston, mpiga tromboni, ambaye mwaka 1973 alikwenda Jamaica kufundisha muziki. Kila nimsikiapo mtu akiisifu kazi hii bila ya kumtaja huyu, najua amesoma jalada tu.

Na piano je? Hiyo, naambiwa, ni ya Wazungu hasa. Haya, tuufunue mfuniko. Katika karne ya 19 pembe za ndovu ziliteremshwa kutoka bara kwa mabega ya wapagazi hadi Bagamoyo, zikavushwa Unguja, zikapakiwa merikebuni mpaka Connecticut, na huko, katika miji ya Deep River na Ivoryton, zikapasuliwa vipande vyembamba vya kufunikia vidole vya piano. Wapagazi wangapi walianguka njiani hakuna aliyewahesabu. Weston aliipiga piano kama ngoma, mkono wa kushoto ukitwanga chini kabisa, kwenye nyuzi nzito. Na mimi niusikiapo mkono ule siwezi kuikumbuka Vienna. Naikumbuka njia ya Bagamoyo.

Weston alifariki tarehe 1 Septemba 2018. Miaka miwili kabla ya hapo Chuo Kikuu cha Harvard kilizichukua karatasi zake kuzihifadhi. Harvard wameona kuna kitu. Mimi nilisoma fasihi ya Kiswahili miaka yangu yote ya chuo na jina la santuri ile sikulisikia darasani hata mara moja. Nataka maneno aliyoyasema Sanga yaandikwe kwa hati yetu, yachapwe, na mwanafunzi aulizwe juu yake katika mtihani kama aulizwavyo juu ya utenzi. Kuhusu mwenzangu, santuri ninayo na gramafoni ninayo, na chumba changu anakijua. Mlango nitauacha wazi Ijumaa baada ya saa kumi.