Kosa la jina kwenye fomu hufika hadi kitabuni

Jinja ni makao ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa kwa mkataba wa mwaka 1994. Mbale ina kitivo cha sayansi za afya cha Chuo Kikuu cha Busitema. Katika miji kama hii kongamano huisha, na kitabu chake husubiriwa. Ikisiri zikiwa zimetawanyika katika barua pepe, kazi ya kuzikusanya huanza upya wageni wakishaondoka.

Ipo njia fupi. Indico, programu huria iliyobuniwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, huhifadhi usajili, ikisiri na ratiba mahali pamoja, na kutokana na taarifa hizo hutoa kitabu cha ikisiri. Haina ada ya leseni, ingawa seva na mtaalamu wa kuitunza havipatikani bure.

Kikwazo kimo katika fomu. Waganda wengi hutanguliza jina la asili, la dini likafuata. Fomu huuliza kwanza jina binafsi, kisha la ukoo. Anayejaza kwa mazoea huyageuza, na kosa huingia moja kwa moja katika faharasa ya waandishi. Mtafiti akitajwa kwa namna mbili, anayezitafuta kazi zake huona nusu tu. Kwa mhadhiri anayesubiri kupandishwa cheo, hilo si dogo.

Hifadhi hiyo hiyo ina namba za simu za washiriki, zinazolindwa na sheria ya taarifa binafsi ya mwaka 2019. Mhariri hana budi kuzichuja, na kumpa kila mwandishi ukurasa wake auhakiki kabla ya uchapishaji.