Televizio kubwa, mushahara mudogo

Ndugu wafanyakazi wa mugodi, kila mwisho wa mwezi sisi wa sendika tunaona wenzetu wanabeba televizio ya santimetre 140 kwa deni, halafu mushahara unakatwa mwaka muzima. Hatukatazi mutu kuona Mazembe vizuri. Lakini zile santimetre zinapimwa kona kwa kona, na katika nyumba zetu za kambi, toka kiti mpaka ukuta ni metre mbili tu: 109 inatosha. Muuzaji aulizwe: ni 1920 kwa 1080, ao 1366 kwa 768? Hata ile ya pili wanaiandika HD juu ya karto. Muongeze regilatere, umeme wetu munaujua. Na mulipe feza mukononi. Mugomo uliopita, wenye deni ndio walirudi kazini wa kwanza. Hatukuwalaumu.