Rufaa Isiyojibiwa

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Lengo lake ni kupata wahudumu 137,294 kwa miaka mitano, wawili kwa kila mtaa na kila kitongoji, na kila mmoja hupewa mafunzo ya miezi sita. Hatua hiyo inastahili pongezi. Hata hivyo, mjadala wa namna ya kumkuza mhudumu baada ya miezi hiyo sita umeishia mno kwenye semina. Maneno "kujengewa uwezo" yamesemwa mpaka yamechakaa, na aghalabu humaanisha ukumbi, kabrasha na posho.

Buguruni hufundisha jambo jingine. Hapa wapangaji ni wengi, na nyumba nyingi ni zile za Kiswahili: ukumbi mrefu katikati, vyumba kulia na kushoto, kila chumba na familia yake, choo na bomba vikiwa uani. Mgonjwa wa kifua kikuu aishiye humo ni vigumu kutembelewa kwa siri. Mhudumu akipiga hodi akiwa amevaa fulana ya mradi, nyumba nzima imekwisha kujua. Na kama mgonjwa ni mama lishe, habari zikifika sokoni huenda akakosa wateja kabla hajamaliza dozi. Kwa hiyo mhudumu mahiri huiacha fulana nyumbani. Huketi uani na wanaofua, huuliza habari za watoto wote, kisha hupata nafasi ya kumsemesha aliyemfuata. Anajua pia kwamba kufika saa nne asubuhi ni kazi bure, kwa kuwa wachuuzi na makondakta wametoka tangu alfajiri. Jioni akikutana na mgonjwa wake gengeni, humsalimu kama jirani mwingine yeyote. Kunyamaza huko ni ukuaji wa nafsi, na hakuna kabrasha linaloufundisha.

Tiba ya kawaida ya kifua kikuu kisicho sugu huchukua miezi sita. Homa na kikohozi hupungua mapema, mgonjwa hurudi kwenye shughuli zake, na hapo ndipo hujiona amepona. Mpangaji aliyeshindwa kodi huhamia Vingunguti au Gongo la Mboto, dawa hukatika, na vimelea vilivyosalia vyaweza kujenga usugu. Anayetangulia kujua kwamba chumba kimefungwa si daktari. Ni mhudumu wa mtaa, aliyeambiwa na mwenye nyumba.

Mhudumu huyo huyo ndiye humwandikia rufaa mtu aliyekohoa wiki mbili na kumhimiza aende kituoni. Baada ya hapo mara nyingi hasikii neno. Hajui kama mtu alifika, wala kama shaka yake ilikuwa sahihi. Daktari ambaye angetibu miaka kumi bila kuona majibu ya maabara asingeitwa mzoefu. Angeitwa mkongwe tu. Kwa nini mhudumu wa mtaa atarajiwe kukua gizani?

Wapo watakaosema siri ya mgonjwa hairuhusu. Hoja hiyo ina uzito, lakini mgonjwa aweza kuombwa ridhaa, na jibu halilazimiki kutaja ugonjwa. "Alifika, anaendelea, atembelewe Jumamosi": hayo yanatosha.

Jirani na Buguruni, katika Temeke, kipo kikundi cha MUKIKUTE kilichoanzishwa na watu waliowahi kuugua kifua kikuu. Sampuli za makohozi ambazo darubini haikuona kitu zimekuwa zikipitishwa kwa panya waliofundishwa na shirika la APOPO la Morogoro. Maabara ikithibitisha, wanakikundi hutumwa mitaani kuwatafuta wenye sampuli hizo. Panya ndio waliovuma duniani. Lililo kubwa zaidi kwa ukuaji wa wahudumu ni kwamba jibu la maabara liliwafikia watu wa mtaani, nao wakalifanyia kazi.

Ngazi ya kupanda nayo ni suala zito. Vyuo vya uuguzi hudai ufaulu wa masomo ya sayansi ya kidato cha nne, na miaka ya kuzunguka mitaani haihesabiwi popote. Hilo litahitaji uamuzi wa wizara na muda mrefu.

Jibu la rufaa halihitaji kusubiri wizara. Muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu na wahudumu wa mitaa inayohudumiwa na kituo chake waweza kuketi saa moja kila mwezi, kwenye benchi lile lile la wagonjwa, na kupitia daftari: nani alifika, nani amepotea, nani amehama na wapi. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza, kabla hajatoka kituoni, karatasi ya kumrudishia aliyemtuma iko wapi. Daftari la rufaa liongezwe safu moja, ya majibu, na muuguzi aijaze siku hiyo hiyo.