Miguu ya uzeeni hujengwa ukiwa na miaka 45

Mama wa Mbagala au Bunju, jijini Dar es Salaam, mwenye miaka 45 bado anajitwisha ndoo, anagombania daladala, anachuchumaa na kuinuka bila kushika ukuta. Akifika 65 ataweza? Kwa sehemu kubwa, jibu linategemea anavyoishi sasa.

Hedhi inapoelekea kukoma, homoni ya estrojeni hupungua. Mifupa hupoteza uimara, misuli hunywea, mafuta hujikusanya tumboni. Utafiti wa SWAN wa Marekani, ulioanza mwaka 1996 kwa kufuatilia wanawake zaidi ya 3,000 wa miaka 42 hadi 52, umeonyesha kwamba walioushughulisha mwili katika umri huo walikuwa na nguvu zaidi za kutembea na kuinuka kitini miaka iliyofuata.

Kwetu Tanzania, tafiti za kitaifa ziliwakuta asilimia 22 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na uzito uliozidi mwaka 2010. Kufikia 2015/16 walikuwa asilimia 28.

Wapo wanaosema kazi za nyumbani ni mazoezi tosha. Zinasaidia, lakini hazitoshi kwa kila mtu. Mama lishe aliyesimama jikoni tangu alfajiri anachoka hoi, na mapaja yake hayajapata kazi ya kuyatia nguvu. Mwenye genge anashinda kwenye kigoda. Hata safari fupi ya sokoni siku hizi ni ya bodaboda. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa kasi, kila wiki, na angalau siku mbili za kutia misuli nguvu. Kukaa kitini na kuinuka mara kadhaa bila kutumia mikono hakudai ada ya jimu.

Hata hivyo, hatukubali lawama yote imwangukie mama. Atembee wapi? Mitaa mingi ya Temeke na Kinondoni haina njia ya waenda kwa miguu, taa ni za kubahatisha, na maeneo ya wazi yamevamiwa. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Agizo lilikuwa zuri, ila mara moja kwa mwezi ni kidogo mno, na mama wa makamo anaona haya kukimbizana na vijana wa jogging.

Tuanzie kwenye vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa. Huko wanawake wanakutana kila wiki, wanaaminiana na wanamsuta asiyefika. Nusu saa ya mazoezi itangulie kabla ya kuhesabu fedha. Manispaa zinavifahamu vikundi vya wanawake kupitia mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani. Ziwalipe walimu wa mazoezi wa kike wavizungukie, na viwanja vya shule za msingi vifunguliwe kwa ajili yao jioni, kuanzia bajeti ijayo.