Mrututu, klorokwini na samaki wa sebuleni

KANGAJA ndiye aliyeanza. Asubuhi moja alionekana na vidoa vyeupe mapezini, kama aliyenyunyiziwa chumvi ya mezani, huku akijikwaruza ubavu kwenye matumbawe. Baada ya siku tano mwili ulikuwa safi. Baba mwenye nyumba, mwenyeji wa Mnyambe wilayani Newala anayeishi na familia yake Shangani, Mtwara, akawaambia watoto kuwa samaki amepona.

Wiki iliyofuata samaki watano kati ya saba walikuwa na madoa. Wawili walikaa juu juu ya maji, wakihema haraka.

Mzazi aliyewawekea watoto tangi la samaki wa maji chumvi sebuleni ni vizuri ajue mapema kwamba madoa hayo yakipotea, samaki hajapona. Ni kimelea chenye seli moja, kwa jina la kitaalamu Cryptocaryon irritans. Kinajichimbia chini ya ngozi ya samaki na ndani ya mashavu anayopumulia, kinakula huko kwa siku tatu hadi saba, kisha kinamwacha chenyewe. Hapo ndipo mwili unapoonekana safi na familia inaposhangilia.

Kimelea kikishaachia kinashuka chini, kinajishikiza kwenye mchanga au jiwe na kujifunga ndani ya gamba gumu. Humo kinagawanyika. Gamba moja linaweza kutoa hadi vijidudu 200, na kila kimoja kinaogelea kutafuta samaki. Kisipompata ndani ya siku moja au mbili, kinakufa.

Baharini vingi hukosa bahati. Kwenye matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 mkoani humohumo Mtwara, samaki analala hapa na kesho yuko kwingine, na maji yanapwa na kujaa. Tangi la lita 200 halina kupwa wala kujaa. Watoto wote wa kimelea wanazaliwa ndani ya chumba kimoja na chakula chao.

Siku hiyo baba alimpigia mama yake Mnyambe kwa mambo mengine, ila mjukuu wa miaka kumi akachukua simu na kumweleza bibi habari ya samaki. Jibu lilikuja palepale: “Tieni mrututu, mjukuu wangu. Sisi vidonda vyetu vyote tulivipaka huo.”

Bibi hakuwa mbali na ukweli. Mrututu ni chumvi ya shaba, na shaba ni miongoni mwa dawa za zamani zaidi za ugonjwa huu, ambayo mpaka leo inatumiwa na wataalamu wa samaki. Tatizo ni mahali inapowekwa na kipimo chake. Shaba inaua kimelea kinapokuwa kinaogelea tu. Kilicho chini ya ngozi hakiguswi, wala kilicho ndani ya gamba. Kwa hiyo dawa inabidi ikae majini kwa kiwango kilekile kwa wiki tatu au zaidi, ikisubiri kila kizazi kitoke. Wakati huohuo shaba inaua matumbawe, kamba na konokono, na mawe yanaifyonza na kuitoa tena polepole. Tangi lenye matumbawe likishatiwa shaba limeharibika.

Kipimo nacho ni kidogo mno. Kwenye chombo cha lita 60 kisicho na matumbawe, kiwango cha tiba ni miligramu 0.2 za shaba kwa kila lita. Hiyo ni chini ya sehemu moja ya ishirini ya gramu ya mrututu kwa chombo kizima. Kijiko kimoja cha chai kinabeba zaidi ya mara 50 ya kiasi hicho. Hakuna jicho la mtu linaloweza kukadiria hapo. Panahitajika mizani ya maabara, kifaa cha kupimia shaba majini na mtu aliyesomea.

Mrututu ulinunuliwa hata hivyo. Ulikaa juu ya kabati la tangi, ndani ya karatasi, ukisubiri baba arudi kazini. Mama alipotoka jikoni alimkuta binti yao wa miaka minne ameketi sakafuni, vidole vimekuwa vya bluu, chenga moja imeshikwa karibu na mdomo. Vipande vya mrututu vinang'aa kama peremende. Ni nani angemlaumu mtoto?

Mama alifanya sawasawa. Alimfuta na kumsuuza mdomo, akamnawisha mikono, hakumtapisha, na akaenda naye hospitali akiwa amebeba karatasi yenye mabaki ili daktari aone ni kitu gani. Mrututu ukimezwa unaunguza tumbo, unatapisha, na ukizidi unaweza kuharibu figo na ini. Kumtapisha mtoto kwa nguvu kunauunguza umio mara ya pili. Binti aliangaliwa kwa saa kadhaa, akarudi nyumbani akidai chipsi. Huko Newala na Masasi, ambako salfa na dawa nyingine za mikorosho hulala chumba kimoja na mahindi, mzazi haitaji kuwa na tangi la samaki ili hadithi hii imhusu.

Baada ya hapo familia ilichagua njia isiyo na dawa kabisa. Inadai kazi, lakini inafaa nyumba yenye watoto wadogo. Samaki wote saba walitolewa tangini na kuwekwa kwenye diaba la plastiki lenye maji safi ya bahari, pampu ya hewa na vipande vya bomba vya kujifichia. Baada ya siku tatu walihamishiwa diaba la pili lenye maji mapya. La kwanza likamwagwa, likasuguliwa na kuanikwa juani mpaka likakauka kabisa. Wakahamishwa hivyo mara nne, kila baada ya siku tatu. Hesabu yake ni rahisi: kimelea kinachomwachia samaki kinashuka chini na kujifunga, na kabla hakijatoa watoto samaki ameshahama. Gamba linabaki kwenye maji yanayomwagwa. Ila anayechelewa siku mbili anaanza upya.

Maji yalichotwa baharini mapema, yakachujwa kwa kitambaa na kuachwa kwenye mapipa yaliyofunikwa kwa siku kadhaa, ili kijidudu chochote kinachoogelea kife kwa kukosa samaki. Yaliyokuwa chini kabisa ya pipa hayakutumika. Bibi aliposikia kwamba diaba zima linamwagwa kila siku ya tatu alinyamaza kidogo kwenye simu. Mnyambe ni juu ya uwanda wa Makonde, na huko maji hayachezewi hivyo.

Sehemu iliyowashinda watoto ni tangi lenyewe. Lilibaki na matumbawe, kamba na konokono tu, bila samaki hata mmoja, kwa siku 76. Imewahi kuonekana gamba likikaa siku 72 kabla ya kutoa watoto wake, ndiyo maana wafugaji makini wakaongeza siku nne. Mvulana aliomba mara ngapi “mmoja tu arudi, yule mdogo”! Mmoja angetosha kulisha kizazi kizima.

Kuna dawa nyingine ambayo wazazi wenye umri wataitambua kwa jina: klorokwini. Ile iliyokuwa tiba ya kwanza ya malaria nchini hadi 2001, iliyowafanya wengine wajikune usiku kucha, sasa inatumiwa na wafugaji wa samaki dhidi ya kimelea hikihiki. Inauzwa nje kama unga wa matangi. Machi 2020, katika jimbo la Arizona, Marekani, mume na mke walimeza unga wa namna hiyo wakiamini utawakinga na corona. Mume alifariki, mke akalazwa. Dawa ya samaki haina kipimo cha binadamu, na dawa ya mtoto iliyobaki kwenye droo si ya samaki.

Tena, iweje ibaki? Dawa mseto ya malaria ni dozi sita kwa siku tatu. Homa ya mtoto hushuka mara nyingi kabla hazijaisha, kama vile madoa ya kangaja yalivyofutika siku ya tano, na vidonge viwili vinavyohifadhiwa “kwa ajili ya safari ijayo” ni vidonge ambavyo mtoto alitakiwa kuvimeza.

Anayehitaji msaada wa samaki amwone daktari wa mifugo au ofisa uvuvi wa halmashauri. Kwa walio Mtwara, wakala wa elimu ya uvuvi, FETA, una kampasi Mikindani.

Samaki sita walirudi tangini. Mmoja wa wale waliokuwa wakihema hakuvuka wiki ya kwanza. Mjomba wa watoto ameshaleta kitatange kuziba nafasi yake. Hana doa hata moja, na bado yuko kwenye diaba. Leo amehamishwa mara ya pili.