SWALI LA "WATOKA WAPI?"

Atakaye kujua afya ya taifa hana haja ya kungoja hotuba za wanasiasa. Na asimame saa moja katika stendi ya magari ya Kitale, au pale Kanduyi, Bungoma, siku ya soko. Ataona watu wasiojuana wakiaminiana. Mama auzaye mboga humwachia mwenziwe meza na pesa akaenda haja. Nauli ya aliyeketi nyuma hupita mikononi mwa abiria wanne hadi kwa makanga, na chenji hurudi kwa njia iyo hiyo. Mkokoteni ukikwama topeni, vijana husukuma bila kuuliza kabila la mwenyewe.

Imani hiyo si jambo dogo, kwani miji yetu imejengwa na watu waliotoka mbali. Baada ya Uhuru wa 1963, mashamba ya walowezi huko Trans Nzoia yalinunuliwa na watu wa jamii nyingi. Bungoma nayo ililelewa na reli na barabara ziendazo Uganda. Ndiyo maana Mbukusu, Msabaoti, Mteso, Mturkana, Mkikuyu na Mkisii hupigana vikumbo sokoni na kuombana radhi.

Lakini tumeshuhudia imani hiyo ikivunjwa. Miaka ya 1991 na 1992, wananchi walipodai vyama vingi, Trans Nzoia na Mlima Elgon ziliwaka moto. "Watoka wapi?", swali la adabu kwa mgeni, likageuka hukumu. Waliofukuzwa makwao walijihifadhi katika viwanja vya makanisa. Je, ni wapita njia walioanza? La! Mwaka 1992 kamati ya Bunge iliyoongozwa na Mheshimiwa Kennedy Kiliku iliwanyoshea kidole wakubwa serikalini. Chuki ilishuka kutoka juu, haikuota barabarani. Hata hivyo haikukoma: baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya Wakenya 1,100 waliuawa.

Leo Kifungu cha 39 cha Katiba ya 2010 chamhakikishia kila raia haki ya kuishi popote nchini. Nayo Sheria ya Utangamano ya 2008 yaharamisha uchochezi wa kikabila. Lakini sheria haina miguu. Miguu yake ni sisi.

Kwa hiyo, uchaguzi wa 2027 ukikaribia, twawasihi wanaharakati: sikilizeni yasemwayo stendini, na mchochezi ashtakiwe mapema, hata akiwa wa chama chetu. Enyi waumini, msiazime mimbari kwa wagawanyaji. Kumbukeni kwamba kuhani na Mlawi walimpita majeruhi njiani, naye Msamaria hakumwuliza majeruhi kabila lake.

Hatukupigania vyama vingi ili tupate makabila mengi yenye bendera. Tulitaka wageni wawili, wenye kofia za vyama viwili, waketi benchi moja na kufika salama. Mwenye kulivunja benchi hilo ni adui wa mageuzi, hata akiimba nyimbo zetu.